Wazee wa Yezreeli Katika Mabaraza ya Vyuo Vikuu

Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme mna kisa ambacho kila aliyelelewa kanisani anakijua. Mfalme Ahabu alitamani shamba la mizabibu la jirani yake Nabothi, naye Nabothi akakataa kuutoa urithi wa baba zake. Ndipo malkia Yezebeli akaandika barua kwa jina la mfalme, akazitia mhuri wa mfalme, akawapelekea wazee na wakuu wa mji wa Yezreeli. Agizo lilikuwa fupi: watangaze siku ya kufunga, wamketishe Nabothi mbele ya watu, watafute watu wawili wasio na haya wamshuhudie kwamba amemtukana Mungu na mfalme, kisha wamtoe nje ya mji wakampige mawe. Wazee wakafanya kama walivyoandikiwa, wakatuma habari kwamba kazi imekwisha.

Wahubiri wetu wamezoea kumlaumu Yezebeli, na wana haki ya kumlaumu. Lakini leo twataka kuwatazama wale wazee. Walimjua Nabothi tangu utotoni. Walimjua baba yake, na mipaka ya shamba lile waliijua kama viganja vya mikono yao. Mamlaka ya kuhukumu katika mji yalikuwa mikononi mwao. Hata hivyo hatusomi kwamba mmoja wao aliuliza swali. Hatusomi kwamba yeyote aliomba apewe siku mbili tu awahoji mashahidi. Uongo uliandikwa ikulu, lakini ulipata nguvu ya kuua pale ulipopita mikononi mwa watu waheshimiwa ambao kazi yao ilikuwa kuuzuia.

Tunakikumbuka kisa hiki kwa sababu vyuo vikuu vyetu vina wazee wake, na wazee hao mara nyingi wamefanya yale yaliyofanywa Yezreeli. Mwanafunzi anapotuhumiwa kwa uongo, mtu wa kwanza kumgeukia kwa haki si polisi wala mwanasiasa. Ni wadhamini wa chuo chake. Na hao ndio wanaomwacha peke yake. Kwa nini?

Tuseme kwanza mdhamini ni nani. Makanisa yetu yana wadhamini ambao majina yao yameandikwa katika hati za ardhi. Hushika mali isiyo yao kwa niaba ya waumini wote, na mdhamini akiuza kiwanja cha kanisa kwa siri, waumini huja juu. Chuo kikuu nacho kina wadhamini, ndio Baraza la Chuo. Baraza ndilo lenye kauli ya mwisho juu ya mali, fedha na watumishi wa chuo. Wajumbe wake hujadili majengo, mikopo, zabuni na mishahara, na haya yote ni ya lazima. Lakini amana kubwa kuliko zote waliyokabidhiwa si mawe wala fedha. Ni watoto wa watu. Mzazi ameuza ng'ombe, kijiji kizima kimechanga katika harambee, kanisa limepitisha sahani ya sadaka, ili kijana mmoja apande basi kwenda Nairobi, Eldoret au Njoro. Kijana huyo amewekwa mikononi mwa Baraza kama amana. Baraza likimwacha aangamizwe na uongo bila kuuliza, limeuza kiwanja cha kanisa.

Historia yetu inatoa ushahidi wa kutosha. Tuanze na mwaka 1982. Mwezi Juni mwaka huo Bunge lilitia kifungu cha 2A katika Katiba, na Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Tarehe 1 Agosti wanajeshi wa Jeshi la Anga walijaribu kuipindua serikali. Jaribio lilipozimwa, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, na makumi ya wanafunzi wakashtakiwa kwa uchochezi. Titus Adungosi, mwenyekiti wa chama cha wanafunzi, SONU, alikiri shtaka na mwezi Septemba akahukumiwa kifungo cha miaka 10. Mapema mwaka 1983 serikali iliwaachilia makumi ya wanafunzi wenzake waliokuwa wakisubiri kesi za namna hiyo hiyo. Adungosi akabaki ndani. Alifariki mwaka 1988 akiwa bado mfungwa. Swali ambalo mtoto wa shule angeliuliza ni hili: ikiwa wale wengine walistahili kurudi nyumbani, huyu alibakizwa kwa ajili gani? Swali hilo halikuhitaji ujasiri wa simba. Lilihitaji mdhamini mmoja mwenye kumbukumbu.

Tuje mwaka 1985. Wanafunzi wa Nairobi walikuwa wamegoma wakipinga kufukuzwa kwa baadhi ya viongozi wao na kunyang'anywa wengine ufadhili wa masomo. Jumapili tarehe 10 Februari walikusanyika katika uwanja wa michezo wa chuo, na mkutano wao ulikuwa wa maombi, wa Wakristo wa madhehebu mbalimbali. Askari wa GSU waliwavamia kwa marungu na gesi ya kutoa machozi. Mwanafunzi aliuawa na wengine wengi wakajeruhiwa. Chuo kikafungwa. Tafakari, msomaji: huko Yezreeli wazee walitangaza mfungo ili kumwangamiza asiye na hatia, huku kwetu watuhumiwa wenyewe ndio waliokuwa wakiomba, na maombi yao yakahesabiwa kuwa kosa.

Mwezi Novemba mwaka 1987, siku chache baada ya uchaguzi wa SONU, mwenyekiti mpya Wafula Buke na viongozi wenzake walikamatwa. Fujo zikazuka, chuo kikafungwa, na SONU ikapigwa marufuku. Mwanzoni mwa mwaka 1988 Buke alifungwa miaka 5 kwa shtaka la kuipelelezea Libya. Hiyo ndiyo iliyokuwa miaka ya Mwakenya, wakati wahadhiri, wanafunzi, waandishi na wakulima walipofunikwa macho na kushushwa katika vyumba vya chini vya Nyayo House, wakakaa katika maji siku nyingi hadi walipokubali kutia sahihi maungamo yaliyokwisha kuandikwa. Kesi zao zilisikizwa kwa haraka, nyingine baada ya saa za kazi, bila wakili, na zikaisha kwa neno moja: nimekosa. Mwezi Julai mwaka 2010 Mahakama Kuu iliamuru waathiriwa 21 wa mateso ya Nyayo House walipwe fidia. Yale yaliyoitwa uvumi wa wachochezi katika miaka ya 1980 leo yamo katika hukumu ya mahakama.

Basi wadhamini walikuwa wapi? Walikuwa wameketi. Na hapa tusiwaonee. Miongoni mwao walikuwamo watu wasomi, wacha Mungu, waliokuwa na watoto wao wenyewe vyuoni. Hatusemi kwamba walipanga uongo. Twasema kwamba nafasi yao iliundwa kwa namna ambayo kuuliza kulikuwa hatari, na kunyamaza kulikuwa na malipo.

Sababu ya kwanza ni kiti chenyewe. Tangu Chuo Kikuu cha Nairobi kilipozaliwa rasmi mwaka 1970, Rais wa nchi ndiye aliyekuwa Chansela wake. Chuo cha Moi kilipoanzishwa mwaka 1984, Kenyatta kilipopewa hadhi kamili mwaka 1985, na Egerton mwaka 1987, Rais alikuwa Chansela wa vyote. Yeye ndiye aliyemteua Naibu Chansela, na mkono wake ndio uliowaweka wenye viti vya mabaraza. Sasa fikiri. Serikali inamshtaki mwanafunzi kwa kuitukana serikali. Mkuu wa serikali hiyo ndiye Chansela. Baraza linaloombwa kumtetea mwanafunzi lina viti kwa hisani ya huyo huyo. Wahenga walisema kwamba kesi ya ngedere haipelekwi kwa nyani. Mjumbe aliyetaka kuuliza swali alijua kwamba jibu lingekuja katika taarifa ya habari ya saa saba, likitangaza kwamba nafasi yake imepewa mwingine.

Sababu ya pili ni masikio. Baraza hukutana mara chache kwa mwaka. Haliishi chuoni, halili katika mabwalo, halilali mabwenini. Yote linayoyajua juu ya mwanafunzi hutoka katika faili, na faili huandaliwa na wakuu wa chuo. Mara nyingi wakuu hao ndio wanaomtuhumu mwanafunzi. Hivyo mshtaki anaandika shtaka, anachagua mashahidi, anaketi katika kamati ya nidhamu, anaandika uamuzi, kisha anabeba faili hiyo hiyo hadi mbele ya Baraza na kuisoma kwa sauti yake mwenyewe. Mwanafunzi akikata rufaa, barua yake hupitia ofisi ile ile anayoilalamikia. Wajumbe husikiliza, hutikisa vichwa, huafiki, hunywa chai. Si lazima wawe waovu. Wamesikia upande mmoja tu, nao wakadhani kwamba wamesikia.

Sababu ya tatu ni hofu ya jina. Wadhamini huamini kwamba kazi yao ni kulinda heshima ya chuo, na heshima hiyo wanaipima kwa kimya. Mwanafunzi aliyetuhumiwa ni kelele. Akiondolewa haraka, kelele zinaisha. Ikiwa baadaye itaonekana kwamba hakuwa na hatia, kumrudisha kutafufua kelele mpya, na pia kutadhihirisha kwamba Baraza lilikosea. Kwa hiyo uongo wa kwanza hulindwa na kiburi cha pili. Njia ya mwongo ni fupi, lakini wakubwa wakiamua kuipitia, huitandika lami ikawa barabara kuu.

Sababu ya nne ni kwamba hakuna mdhamini anayelipa. Kijana hulipa. Katika miaka ya 1980 chuo kilipofungwa, wanafunzi walirudishwa vijijini wakaamriwa kuripoti kwa chifu, kana kwamba ni wezi walioachiliwa kwa masharti. Chifu aliwatazama, majirani wakawatazama, mama akaona haya kwenda sokoni. Aliyefukuzwa kabisa alipoteza miaka yake, ufadhili wake, na mara nyingi hata tumaini la kazi, kwa maana nani angemwajiri mtu mwenye doa la uchochezi? Lakini mjumbe wa Baraza aliyeafiki kufukuzwa kwake alilipwa posho ya kikao, akarudi nyumbani, na jina lake halikuandikwa popote kama aliyemdhulumu mtu. Dhuluma inayotendwa na wengi pamoja haina mwenyewe.

Wako watakaosema kwamba hayo ni ya zamani. Kifungu cha 2A kilifutwa mwezi Desemba 1991. Mwaka 2003 Rais Kibaki aliachia wadhifa wa Chansela, na watu wengine wakateuliwa kuushika katika vyuo vya umma. Tarehe 27 Agosti 2010 tulipata Katiba mpya. Kifungu chake cha 47 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa uadilifu na ofisi za utawala, na kuelezwa kwa maandishi sababu za uamuzi unaomdhuru. Kifungu cha 50 kinalinda haki ya kusikizwa bila upendeleo. Sheria ya Uadilifu Katika Matendo ya Utawala ya mwaka 2015 inataja wajibu wa ofisi mmoja baada ya mwingine: mtu apewe taarifa mapema, aonyeshwe ushahidi, asikizwe, aweze kuwa na wakili inapofaa, na aelezwe njia ya rufaa. Tunamshukuru Mungu kwa ushindi huo, na tunawakumbuka walioulipia kwa miili yao.

Lakini sheria njema haijitekelezi. Wajumbe wengi wa mabaraza ya vyuo vya umma hata leo huteuliwa na Waziri au huketi kwa niaba ya wizara. Faili bado huandaliwa na mshtaki. Na tuhuma zimebadilika sura. Leo mwanafunzi haitwi mpelelezi wa Libya. Ataambiwa amefanya udanganyifu katika mtihani, au amechoma bweni, au amewachochea wenzake wakati wa mgomo wa karo, au ameandika maneno ya kuaibisha chuo. Huenda ni kweli. Huenda ni uongo wa mtu mwenye kisasi. Hatuwezi kujua bila kuuliza, na Baraza lisilouliza halijui pia.

Wala tusidhani kwamba ugonjwa huu ni wa watawala wa kiimla peke yao. Nchini Marekani mwaka 2006, wanafunzi watatu wa Chuo Kikuu cha Duke katika jimbo la North Carolina, wachezaji wa timu ya chuo, walishtakiwa kwa ubakaji. Ni shtaka zito, na kila mwanamke anayelileta anastahili kusikizwa kwa heshima. Lakini kabla ya ushahidi kupimwa, michezo ya timu nzima ilisimamishwa, kocha akaondoka, na makumi ya wahadhiri wakatia sahihi tangazo la gazetini ambalo wengi walilisoma kama hukumu. Mwenyekiti wa wadhamini alisimama na rais wa chuo. Mwezi Aprili mwaka 2007 Mwanasheria Mkuu wa jimbo alitangaza kwamba vijana hao hawakuwa na hatia, na mwendesha mashtaka aliyewaandama akapoteza leseni yake ya uwakili kwa kuficha ushahidi. Chuo kilipatana nao nje ya mahakama, na rais wake akaomba radhi hadharani kwa kutowasimamia. Huko hakukuwa na Chansela wa kuogopwa, wala chifu, wala Nyayo House. Kulikuwa na hofu ya jina, na hiyo ilitosha. Basi tusiseme kwamba kazi iliisha siku Rais alipovua joho la Chansela.

Tunajua hoja za wanaotupinga, na tunazijibu bila kinyongo. Wanasema kwamba wako wanafunzi wenye hatia kweli, wanaopora maduka wakati wa maandamano, wanaonunua mitihani, wanaowadhulumu wasichana mabwenini. Wako, na waadhibiwe. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Kumsikiliza mtuhumiwa si kumwachilia; ni kuhakikisha kwamba anayeadhibiwa ndiye aliyetenda. Msichana aliyedhulumiwa hafaidiki hata kidogo asiye na hatia anapofukuzwa na mhalifu akabaki darasani. Wanasema pia kwamba chuo si mahakama, na kwamba kufuata taratibu zote hizi kutaulemaza utawala. Mahakama zetu zilikwisha kulijibu hilo. Mwaka 1990, katika kesi iliyohusu wanafunzi wa Egerton, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba majaji hawana hamu ya kuviendesha vyuo vikuu, lakini watautengua uamuzi wa chombo chochote ikidhihirika kwamba mhusika hakusikizwa kwa haki. Hayo yalisemwa katika mwaka wa giza, chama kikiwa kimoja. Tukishindwa kuyatimiza leo, tutakuwa tumerudi nyuma kuliko pale tulipoanzia.

Kanuni hiyo haikutoka kwa wazungu wa mahakamani peke yao, wala haikuanza juzi. Mwaka 1718 Chuo Kikuu cha Cambridge huko Uingereza kilimvua msomi mmoja shahada zake bila kumwita ajitetee. Mahakama iliamuru arudishiwe, na jaji mmoja akakumbusha kwamba hata Mungu, ambaye hakuna asilolijua, hakumhukumu Adamu bustanini kabla ya kumwita na kumuuliza alichofanya. Mwenyezi aliuliza. Baraza la Chuo, lenye kukutana mara chache kwa mwaka na kusoma faili la upande mmoja, lina ujuzi gani uzidio huo hata lisiulize?

Kwa hiyo tunayadai haya, nayo hayahitaji fedha nyingi wala sheria mpya. Kila mwanafunzi anayetuhumiwa apewe shtaka kwa maandishi pamoja na ushahidi wote, siku za kutosha kabla ya kuitwa. Aruhusiwe kuja na mtu wa kusimama naye, awe wakili, mzazi au mchungaji. Aliyemtuhumu asiketi katika kamati inayomhukumu, wala asibebe faili la rufaa kwenda kwa Baraza. Rufaa isikizwe na wajumbe wa Baraza wenyewe, uso kwa uso na mwanafunzi, katika muda uliotajwa, kwa maana kusimamishwa masomo kwa miaka miwili kungojea kikao ni adhabu iliyotangulia hukumu. Uamuzi uandikwe pamoja na sababu zake na majina ya walioufikia. Na ikibainika kwamba mwanafunzi alisingiziwa, chuo kitangaze hivyo kwa sauti ile ile kilichotumia kumtuhumu, na pale pale palipobandikwa jina lake.

Tunadai jambo moja zaidi. Mabaraza ya vyuo vilivyokuwapo katika miaka ya 1980 yafungue makabati yao. Wako wanaume na wanawake, wengi wao sasa ni wazee wenye mvi, waliofukuzwa kwa maungamo ya mateso au kwa faili lisilokuwa na ushahidi. Wengine hawako tena duniani, lakini wana watoto. Barua ya karatasi moja, yenye mhuri wa chuo, ikisema kwamba tulikukosea, haitarudisha miaka. Itarudisha jina. Mahakama imekwisha kuisukuma serikali iwalipe baadhi yao. Chuo kilichowalea kinangoja nini kuwaomba radhi?

Sasa tunawageukia ninyi, ndugu na dada wa makanisani. Msiseme kwamba mambo ya mabaraza ni ya wasomi. Tarehe 28 Februari 1992, mama wa wafungwa wa kisiasa waliketi katika bustani ya Uhuru, pamoja na Wangari Maathai, wakidai watoto wao. Wengi wa mama hao hawakuwa wamesoma sheria. Polisi walipowapiga na kuwatawanya tarehe 3 Machi, walipewa hifadhi katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, wakaendelea kukesha humo miezi mingi. Wafungwa wengi waliachiliwa. Wazee waliosoma, wenye magari na viti, walikuwa wamenyamaza miaka mingi. Mama waliokuja na leso zao na picha za wana wao waliuliza lile swali moja lililokuwa halijaulizwa: amefanya nini mtoto wangu, na nani aliona? Kanisa lilifungua mlango, na swali likapata mahali pa kukaa.

Mlango huo ungali na kazi. Katika ushirika wenu yumo mjumbe wa Baraza fulani. Anaimba nanyi, anatoa sadaka nanyi. Mwendeeni kwa adabu. Mwulizeni kama amewahi kumwona kwa macho mwanafunzi hata mmoja aliyeafiki kufukuzwa kwake. Yumo pia mama ambaye mwanawe amerudishwa nyumbani na barua ya mistari mitatu, naye anaona haya kuwaambia. Mketini naye. Msaidieni kuandika rufaa, mtafutieni wakili wa kujitolea, msindikizeni hadi lango la chuo. Nanyi wanaharakati, mnapopigania tume, kura na katiba, kumbukeni kwamba utawala wa kiimla hauishi Ikulu tu. Huishi katika kila chumba ambamo mtu huhukumiwa akiwa hayupo.

Mwisho, tunawaambia wajumbe wa mabaraza wenyewe neno la heri. Maandiko hayatupi wazee wa Yezreeli peke yao. Yanatupa pia Nikodemo, mtu mkubwa, mjumbe wa baraza la wakuu wa Wayahudi. Wenzake walipokuwa wamekwisha kuamua juu ya Yesu, yeye aliwauliza kama sheria yao inamhukumu mtu kabla ya kumsikia na kujua alitendalo. Hakutoa hotuba. Hakujiuzulu, wala hakuongoza maandamano. Aliuliza swali moja akiwa katika kiti chake, na wakamdhihaki. Hawakumwua kwa ajili ya swali hilo, na karne ishirini baadaye tungali tunalitaja jina lake kwa heshima, ilhali wazee wa Yezreeli hakuna anayelijua jina la hata mmoja wao.

Mjumbe mheshimiwa, kikao chako kijacho kitakuwa na faili mezani. Kabla hujaliafiki, uliza kama mwanafunzi huyo amesikizwa. Ukijibiwa kwamba hapana, sema aitwe. Sisi hatukudai zaidi ya hapo.